Lango la Mheshimiwa

Ukalimani una sharti lake: mgeni akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Humkosoi, humkunjii uso. Agripina alilishika sharti hilo miaka yote aliyofanya kazi Stockholm, mahakamani na hospitalini, wala halikupata kumkera. Mpaka Jumamosi ile mchana, kwenye mkutano wa chama cha watu wa kwao, katika ukumbi wa Vällingby, pembezoni mwa jiji, alipoketishwa kando ya Mheshimiwa Delorge.

Mzee huyo alikuwa balozi wa Ufaransa nchini kwa kina Agripina wakati wa vita. Aliporudi kwao akavishwa nishani, akapewa uwaziri, na sasa anazunguka huku na huku akisimulia ushujaa wake. Agripina aliikubali kazi kwa jambo moja tu: asikie kama atamtaja Zakayo, aliyekuwa dereva wake. Zakayo ndiye baba yake Agripina.

Mheshimiwa alizungumza Kifaransa kitamu, mkono kifuani. Agripina akatafsiri kwa Kiswahili:

"Risasi zilipoanza, mimi mwenyewe nilifungua lango la ubalozi. Wafanyakazi wangu wote nikawaingiza. Sikumwacha hata mmoja."

Watu wakapiga makofi. Agripina akahisi kinywa chake kimenajisika. Lo! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, na haya hana! Uongo huo ndio uliompandisha cheo baada ya cheo, na leo eti ausemeshe ulimi wa binti wa Zakayo!

Mheshimiwa akaongeza maneno, akitabasamu. Mkalimani wake hakuyatafsiri.

"Dada, endelea basi," akanong'ona Désiré, mwenyekiti wa chama chao. "Monsieur anakungoja."

Agripina akasimama.

"Huyu anasema dereva wake alimshukuru kwa machozi. Hayo ni yake. Sasa sikieni yangu. Mimi nilikuwa nje ya lango hilo, nimeng'ang'ania shati la baba yangu, Zakayo, dereva wake. Baba aligonga mpaka ngumi zikachubuka. Huyu alitutazama kutoka dirishani, akashusha pazia. Baba yangu aliuawa palepale."

Wengine walijifuta macho. Désiré aliinamia viatu vyake. Mheshimiwa, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, alidhani watu wameguswa na hadithi yake. Akainamisha kichwa kupokea makofi. Makofi hayakuja.

Akamgeukia mkalimani wake, akamuuliza kwa Kifaransa amewaambia nini.

Agripina akamtafsiria yote, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza, kama kazi yake inavyotaka.