Mhuri wa Siku ya Tisini

Afrika Kusini ilimpa Nyamongo siku tisini bila viza. Alipoomba aongezewe akanyimwa, akafunga virago na kurudi kwao Tabaka, vinyago vya mawe alivyovichonga bado vikiwa mezani kwenye maonyesho.

Mkewe, Esnah, alikuwa akisugua kinyago ndani ya beseni Duke alipoingia na panga la kuchongea. Duke alikuwa kaka mkubwa wa Nyamongo, na mawe ya vinyago vyote vya safari yalitoka kwenye timbo lake.

"Mura, kijana wewe, wenzako wamejificha huko miaka. Wewe umekimbilia mboga za chinsaga za mke?"

"Ningejificha, nisingeruhusiwa tena. Tazama mhuri, ndugu yangu. Nilitoka siku ya tisini. Mwakani nitaingia."

"Siku zinabembelezwa kama bei ya ndizi! Hukubembeleza!"

Duke akampokonya pasipoti, akaibwaga juu ya jiwe kando ya beseni, akainua panga. Nyamongo akaufunika mhuri kwa mkono wa kulia.

Panga likashuka.

Esnah aliona vidole vitatu vikizama, maji meupe ya vumbi la mawe yakageuka mekundu. Nyamongo aliikumbatia pasipoti huku akipiga mayowe. Mhuri ulikuwa mzima.

Duke alilitupa panga. "Utaenda kuuza nini sasa?" akauliza, akaanza kulia.