Namba ya Abdul-Latif

Nanyama aliuza maturubai katika maduka ya Kikuubo siku sita za juma, na siku ya saba alitazama vimbunga. Dukani hakuna aliyejua. Walimjua kama mwanamke wa maneno machache, Mbukusu wa Bungoma aliyeingia Kampala miaka kumi na moja iliyopita, asiyependa mchezo na wateja wababaishaji. Wasingeamini kwamba mtu huyo huyo, akifika kwake Kasubi, angeweza kukaa na simu mkononi mpaka chai ipoe, akifuatilia upepo ulioko katikati ya bahari asiyowahi kuiona. Ugonjwa huo ulimwanzia shuleni, alipopewa kazi ya kusoma kipimamvua kila asubuhi na kuandika milimita kwenye daftari. Wenzake walimaliza shule wakaachana na mvua. Yeye hakuachana nayo.

Mgonjwa mwenzake alikuwa Afande Okwera, Mwacholi wa miaka sitini na mitatu, aliyestaafu polisi upande wa mawasiliano. Alikaa Old Kampala, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi, na juu ya paa alikuwa na dishi alilolirekebisha mwenyewe hadi likakubali kuvuta picha za setilaiti. Kila robo saa picha mpya iliingia kwenye kompyuta yake. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi la simu liitwalo Jicho la Kimbunga, lenye watu kumi na tisa, wa Mombasa, Unguja, Bukavu na kwingineko, wote wenye wazimu uleule.

Kati ya hao kumi na tisa, Nanyama alimpenda zaidi Abdul-Latif. Alikuwa fundi wa redio katika kijiji kimoja cha pwani kaskazini mwa Msumbiji, mahali ambapo watu wanazungumza Kiswahili tangu enzi za mababu zao. Hawakuwahi kuonana. Kwa miaka mitatu walikuwa wakisalimiana asubuhi kwa kuulizana mawingu. Mwaka jana Nanyama alimtumia barometa yake mwenyewe, kile chombo cha kupima mgandamizo wa hewa, akiipitisha kwa dereva wa lori hadi Dar es Salaam na kutoka huko kwa watu wa mashua, na Abdul-Latif akaitundika ukutani karibu na picha yake ya harusi. Alijipiga picha amesimama kando yake, kifua mbele, kama mtu aliyepewa cheo.

Kimbunga cha msimu huo, wanaovipa vimbunga majina walikiita Nolita. Kwa siku nne kilizurura baharini, kikiwa dhaifu, na kundi likakidharau. Halafu usiku wa kuamkia Jumapili kikanywa joto la maji na kupata nguvu maradufu. Nanyama hakwenda kanisani. Saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Okwera, na mzee alimwita kabla hajavua viatu.

"Nanyama, kuja haraka! Hii kitu imefungua jicho!"

Aliinama mbele ya kompyuta. Katikati ya wingu jeupe lililozunguka kama unga kwenye maji yanayokorogwa kulikuwa na tundu jeusi, la duara, safi, kana kwamba mtu amelitoboa kwa msumari.

"Mungu wangu," alisema. "Ni kizuri."

Hakuona aibu kulisema neno hilo. Okwera alikuwa akicheka peke yake, akisugua viganja. Kwenye kundi watu walituma makofi na picha za moto. Wa Unguja aliandika kwamba hajaona jicho kama hilo tangu azaliwe. Katika furaha hiyo ndipo sauti ya Abdul-Latif ilipoingia, tulivu kama siku zote, na nyuma yake jogoo akiwika.

"Salaam aleikum dada Nanyama, na wewe pia afande. Huku mawingu yanakimbia kutoka baharini. Barometa inasema mia tisa tisini na nane. Watu wa wilaya wameleta lori, wanatupeleka shule ya mlimani. Safari ya kwanza ni saa nne kwa saa za huko kwenu, ya pili wanasema saa saba. Rukiah na watoto wanaondoka na ya kwanza. Sasa mimi, dada, nipande nao au nisubiri ile ya saa saba? Wewe ndiye unayeiona picha."

Nanyama alimtazama Okwera. Mzee alikuwa ameacha kucheka.

"Mwambie angoje," alisema. "Pwani yote hiyo hakuna chombo ingine. Kituo ya serikali ilikufa zamani. Akipanda lori, hii kimbunga itaingia bila mtu kuipima. Wataalamu watakisia kwa picha tu. Akibaki, sisi ndio tutakuwa na namba."

"Na asipowahi?"

"Lori ya saa saba iko. Wewe angalia tu, itagonga saa ngapi?"

Nanyama alirudi kwenye picha. Aliweka ya saa moja kando ya ya saa mbili, akapima kwa vidole viwili umbali ambao jicho lilikuwa limetembea. Kisha akapima ya saa kumi na mbili na ya saa moja. Vidole havikulingana. Nolita alikuwa ameongeza mwendo. Haikuwa tofauti kubwa, na mtu angeweza kusema kwamba vidole vimeteleza. Lakini aliiona. Aliiona, akajiambia kwamba bado, kwamba ukuta wa jicho, ambako upepo ni mkali kupita kote, hauwezi kufika kabla ya saa tisa, na kwamba saa saba ni mapema mno kwa mtu kuogopa. Chini ya hesabu hizo zote kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliandika popote: aliitaka ile namba kuliko Okwera.

Akaandika: *Subiri la saa saba. Una muda wa kutosha.*

Jibu lilikuja mara moja. "Haya dada, nimekuelewa. Nitawapa namba kila nusu saa."

Na kweli akawapa. Saa nne, lori likiwa limeondoka na mkewe na watoto, alisema mia tisa tisini na moja. Saa nne na nusu, themanini na sita. Okwera alichora mstari kwenye karatasi, na mstari ukateremka kama mtu anayeshuka ngazi kwa kuruka; kadiri namba ilivyoshuka ndivyo kimbunga kilivyokuwa karibu na kikali zaidi. Saa tano na nusu mvua ilikuwa imeanza kule, na kwenye sauti ya Abdul-Latif kulikuwa na mlio wa bati linalopigwa. Alisema sabini na mbili. Aliomba radhi kwa kuchelewa dakika tano, kwamba alikuwa akimsaidia jirani kufunga mlango kwa kamba.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa ikitoka msikiti mkubwa wa kilimani, ikijaza chumba cha Okwera, ujumbe mwingine ulipoingia. "Wamepiga simu kutoka shuleni. Mto umejaa, lori limeshindwa kuvuka kurudi. Lakini Rukiah na watoto wamefika salama, alhamdulillahi. Mia tisa hamsini na nane."

Nanyama alisimama. "Afande, lori haliji."

"Nimesikia."

"Tumwambie aende kwa miguu."

"Aende wapi na upepo hii? Mto umejaa. Akae ndani. Nyumba yake si iko ya tofali?"

Alimwandikia aingie chumba cha ndani, ajifiche chini ya meza, aachane na barometa. Aliandika mara tatu, kwa maneno tofauti, kila mara akizidi kufupisha. Abdul-Latif alijibu kwa namba tu. Arobaini na tisa. Arobaini na moja. Jicho lilikuwa limefika ukingo wa bara saa nzima kabla ya saa ambayo Nanyama alikuwa ameihesabu.

Sauti ya mwisho ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Mwanzoni kulikuwa na mngurumo, kama malori mengi yanayopanda mlima kwa pamoja. Halafu Abdul-Latif, akipiga kelele ili asikike: "Mia tisa thelathini na nne! Dada, bati limeondoka! Imetosha?"

Okwera aliruka kutoka kwenye kiti na kupiga makofi. "Thelathini na nne! Nanyama, thelathini na nne! Hakuna mtu pwani hii ameshapima kitu kama hii!" Simu ilitetemeka mezani kwa pongezi za kundi.

Na Nanyama, kabla ya kumjibu Abdul-Latif, alivuta daftari akaandika namba, na kando yake saa na dakika. Hilo ndilo alilolifanya kwanza. Kisha ndipo alipoandika: *Imetosha. Jifiche.* Alama ya ujumbe ilibaki moja, ya kijivu, ishara kwamba haujamfikia. Aliitazama mpaka jioni. Haikuongezeka.

Siku tisa zilipita. Minara ya simu kule ilikuwa imeanguka yote. Nanyama aliuza maturubai, akakosea vipimo mara mbili, bosi akamuuliza kama anaumwa. Okwera kwa upande wake hakukaa bure. Alituma mstari wake wa namba kwa watafiti wa chuo kimoja cha ng'ambo, wakamjibu siku hiyo hiyo kwa shangwe. Ripoti yao ikatoka, na ndani yake yakawemo maneno "vipimo vya mwangalizi wa kujitolea, kwa hisani ya Bwana Okwera wa Kampala". Okwera aliisambaza kwenye kundi. Watu wakampongeza.

Siku ya kumi, saa tano asubuhi, simu ilimkuta Nanyama dukani akikunja turubai. Namba ilikuwa ngeni.

"Salaam aleikum. Wewe ndiye Nanyama?"

"Ni mimi. Aleikum salaam."

"Mimi Rukiah, mke wa Abdul-Latif."

Nanyama aliliachia turubai likaanguka. Alitoka hadi kwenye ngazi ya nyuma, ambako wapagazi hupumzika, akakaa.

"Tulimkuta chini ya ukuta," Rukiah alisema. Hakulia. Alisema kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo kwa watu wengi. "Tumeshamzika. Simu yake ilikuwa mfukoni. Mdogo wangu ameikausha, leo imewaka. Nimesikiliza sauti zote, na nimesoma maandishi. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Ulijua, au ulikisia?"

Uongo ulikuwa karibu. Angeweza kusema kwamba utabiri ulibadilika, na sehemu yake ingekuwa kweli.

"Nilikisia," alisema. "Na niliitaka namba."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mtoto akiomba maji, na mtu mwingine akimwambia anyamaze.

"Mimi nilidhani wewe ni mtaalamu," Rukiah alisema. "Kila siku mume wangu ni hivyo tu: dada yangu wa Kampala anaijua hewa, dada yangu wa Kampala kasema. Nikadhani una ofisi."

"Hapana, dada. Nauza maturubai."

Yule mtoto aliomba maji tena, na safari hii Rukiah mwenyewe akamjibu kwamba anakuja.

"Nilimvuta mkono apande," alisema. "Nilimvuta mbele za watu mpaka wakacheka. Akanionyesha maandishi yako."

Simu ikakatika. Nanyama alipiga tena siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Haikupokewa.

Jumapili iliyofuata alikwenda Old Kampala. Okwera alimkaribisha kwa furaha, akaanza kumwonyesha barua ya mwaliko wa kuzungumza mbele ya wanafunzi. Nanyama hakukaa.

"Afande, waandikie wale watafiti. Waambie yule mwangalizi amekufa. Waambie alikuwa na nafasi kwenye lori la saa nne, na sisi tukamwambia abaki."

Uso wa mzee ulijifunga. "Mimi sikuandika kitu. Wewe ndiye uliandika."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyeandika. Weka jina langu."

"Nanyama, sikia. Mimi nimekaa polisi miaka thelathini, nimeona watu wengi wamekufa. Hii nayo ni Mungu. Ripoti ya hali ya hewa haina mahali ya mambo kama hiyo."

"Hata jina lake halimo."

"Wakijua jina itawasaidia nini?"

Alimtazama mzee ambaye kwa miaka sita alikuwa amekunywa chai yake. Akaona kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimkera kuliko kama angekuwa mbaya. Aliondoka bila kuaga.

Aliwaandikia watafiti yeye mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha sekondari, ukurasa mzima. Alieleza lori, mto, lile jibu lake, na jina kamili la Abdul-Latif. Walijibu baada ya siku mbili. Walisema wamesikitika sana kusikia habari hizo. Halafu wakauliza, kama hatajali, barometa ilikuwa imetundikwa mita ngapi kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa ingewasaidia kusahihisha namba.

Nanyama alijua jibu. Ilikuwa mita sita. Abdul-Latif alipima kwa kamba siku ya kwanza, akatuma picha ya mafundo. Hakuwajibu.

Mwisho wa mwezi kundi lilichangamka tena. Okwera alituma picha: wingu jipya mashariki ya Madagaska, bado halijatulia. Chini yake akaandika, "Hii itakuwa kubwa. Nani tuko naye huko pwani?" Kijana mmoja asiyejulikana na wengi akajibu kwamba ana shangazi Nampula, hukohuko Msumbiji, na shangazi ana simu nzuri.

Nanyama aliandika palepale, akiwa amesimama kati ya marundo ya maturubai. Alisema Abdul-Latif amekufa. Alisema ni yeye aliyemwambia asubiri, kwamba aliona mwendo umeongezeka na akanyamaza, na kwamba shangazi huyo asiulizwe kitu chochote, aambiwe tu aondoke mapema. Aliutuma bila kuusoma mara ya pili.

Ujumbe ulikaa dakika saba. Kisha ukafutwa, na yeye akaondolewa kwenye kundi. Kabla haujafutwa alikuwa ameangalia waliousoma. Walikuwa watu wanne, na kijana wa shangazi hakuwa mmoja wao.