Mashine ya Tano

Hiyo ilikuwa mashine ya tano, na Mama Cherehani alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Jumamosi nne mfululizo alikuwa amemfuata mumewe kwenye magereji, mastoo na yadi za vyuma chakavu, wakitafuta mashine ya kukereza vyuma ya kuweka kwenye chumba cha nyuma. Mzee alitaka iliyotumika lakini haijachoka. Iliyotumika lakini haijachoka, jamani! Hata yeye mwenyewe Mama Cherehani hakuwa hivyo.

Mumewe mtaa mzima ulimwita Mkereza, maana miaka thelathini na miwili alisimama kwenye karakana moja akichonga shafti na bushi za watu. Karakana ilipofungwa alirudi nyumbani na sanduku la visu vyake vya kukerezea, akakaa wiki mbili, kisha akatangaza, "Nanunua mashine yangu." Hakumuuliza mkewe. Siku hizi hakumuuliza chochote, wala hakumjibu, na hapo ndipo palipomuuma. Akimsemesha kutoka jikoni, kimya. Akimwita kutoka chumbani, kimya. Lakini aje mwanamume yeyote kibarazani, hata yule jirani mwenye maneno kama kasuku, Mkereza angepiga naye soga mpaka chai ipoe. Kwa mke tu ndipo alipojitia pamba masikioni. "Sikio la kufa halisikii dawa," alimrushia mara nyingi, na hilo nalo halikujibiwa.

Basi alikwishakata shauri, na aliyejua ni binti yake tu: siku mashine inaingia nyumbani, yeye anatoka, anahamia kwa binti huyo. Mwanamume aliyemchoka mkewe, apate na chumba cha kujifungia chenye kelele, hapo kimebaki nini? Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda. Kwenye yadi hizi alikuja kwa sababu moja, kuiona kwa macho yake hiyo mashine itakayomng'oa kwake.

Na mzee naye kwa kuchagua, lo! Mashine ya kwanza aliikataa kwa sababu kucha yake ilikwama kwenye reli, karibu na ile taya inayoshika chuma, pale ambapo mashine huchakaa mapema kuliko pengine pote. Ya pili, mpini ulizunguka robo nzima kabla kisu hakijasogea. Ya tatu alisema imeanguka, ila mwenyewe hataki kukiri. Ya nne hakuigusa kabisa. "Wameipaka rangi kuficha ndui," alisema, akageuka akaenda zake.

Hii ya tano ilikuwa ndani ya banda la mabati, nyuma ya matangi matupu. Muuzaji alikuwa mtu wa kifua kipana, sauti yake nzito, kila neno likitoka kama gunia linatuliwa chini. Mkereza alimsikia vizuri tu, wakaulizana habari, wakataniana. Mama Cherehani alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akavua viatu.

Mzee alipitisha kucha kwenye reli, mwanzo hadi mwisho. Haikukwama. Akazungusha mipini, akatikisa hiki, akasukuma kile. Usoni alianza kuwa na nuru ambayo mkewe hakuiona siku nyingi, na kuiona nuru ile ikiwashwa na chuma kulimtia uchungu. Kwa hiyo ndiyo hii, alijiambia. Ndiyo mke mwenza.

"Washa," Mkereza alisema.

Muuzaji akawasha. Mashine ikanguruma, na juu ya ngurumo ile kikapanda kilio chembamba, kikavu, cha kupasua meno. Mama Cherehani aliruka pale alipokaa. Miaka thelathini na kitu amekaa na cherehani. Sauti ya chuma kinachosagana bila mafuta hafundishwi na mtu. Muuzaji alimtupia jicho, kisha akatazama pembeni haraka.

Mkereza akatoa bisibisi yake ya mpini wa mbao, akaweka ncha kwenye kichwa cha mashine na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kama mafundi wa zamani wanavyosikiliza beringi. Akafumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Safi," alisema. "Beringi hazilii."

"Si nilikuambia, mzee? Imetulia kama maji ya mtungi," muuzaji alisema.

"Baba watoto, hukisikii hicho?" Mama Cherehani aliuliza, yuko nyuma yake hatua mbili.

Kimya. Hakugeuka hata shingo.

Hasira ilimpanda, ile ya kila siku, na alikuwa ameshainama kuvaa viatu vyake aondoke zake, liwalo na liwe. Mguu mmoja ndani ya kiatu, akasita. Mtu huyu alikataa mashine nne kwa kasoro ambazo wengine hawazioni hata wakionyeshwa. Kumpuuza mke angeweza. Kukipuuza chuma, haiwezekani hata kidogo.

Akaenda ukutani na kiatu kimoja, akazima swichi mwenyewe. Akazunguka akasimama mbele ya mumewe.

"Tangu lini?"

Mkereza alimtazama midomo, si macho. Mama Cherehani aliona, na akakumbuka kwamba alikuwa ameona hivyo mara nyingi bila kuelewa.

"Mwaka wa tatu huu," alisema mzee. "Sauti nzito nazipata. Nyembamba ndizo zilizokwenda. Kwanza ndege wa asubuhi. Halafu filimbi ya birika. Halafu wewe."

"Nikadhani umenichoka!"

"Nilijua unadhani hivyo. Mkereza asiyesikia kisu kikikwaruza, nani atampa kazi? Nikasema afadhali nionekane nina kiburi."

"Mbele ya watu, sawa. Na mbele yangu?"

Mama Cherehani alilia hapo hapo, kwa hasira na kwa huruma, huku muuzaji akijifanya anahesabu matangi.

"Basi twende nyumbani," Mkereza alisema. "Mashine basi."

"Twende wapi! Na ile?" Alionyesha pembeni, mashine nyingine imefunikwa turubai, haina rangi wala sura.

Mzee akapitisha kucha. Akapitisha tena. Kisha akampa mkewe bisibisi, akamwonyesha mfupa wa kuegeshea. Ilipowashwa, yeye hakuitazama mashine. Alimtazama mke, kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

"Inanguruma tu," alisema Mama Cherehani, akipanua midomo. "Hailii."

Wiki iliyofuata mashine hiyo ya turubai ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, na cherehani imehamia humo humo, imeelekezana nayo uso kwa uso. Binti akapiga simu.

"Mama, mashine si imeshaingia? Nikufuate lini?"

"Usije. Baba yako hanisikii nikiwa nyuma ya mgongo wake, nikiwa kwako je?"