Mshale Ukisema Hamsini

Fundi wa umeme alichora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi, akachora mwingine sakafuni chini yake, kisha akainua mkono. Dereva, aliyekuwa juu kwenye usukani, akaliachia lori litambae mpaka tairi likazunguka mara moja na mstari wake ukagusa tena chini. Fundi akapiga goti, akanyoosha futi kutoka alama hadi alama. Akasoma. Akasoma mara ya pili, akaguna.

"Mita tatu na nusu na ushei," alisema. "Matairi ya zamani yalikuwa mita tatu na sentimita kumi na nne, na kompyuta ya gari inaamini hayo hayo mpaka leo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mshale ukisema themanini, ndugu yangu, wewe uko tisini. Ukisema hamsini, uko hamsini na sita. Gari limevalishwa viatu vya kaka yake, nalo linahesabu hatua kama lilivyozoea."

Dereva hakushangaa. Siku tisa mfululizo alikuwa akipima kwa saa ya mkononi, kutoka nguzo moja ya kilomita hadi nyingine, na kila mara sekunde zilimpungukia. Miaka ishirini na miwili barabarani, hajapata kukanyaga hata kuku. Wenzake walimwita Taratibu, nusu kwa heshima, nusu kwa dhihaka.

"Basi irekebishe."

"Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Nachomeka mashine yangu, naandika kipimo kipya, imekwisha. Ila tazama hapa." Fundi akaelekeza bisibisi kwenye lakiri ya risasi, muhuri wa wakaguzi, iliyoning'inia chini ya dashibodi. "Nikiikata hii bila barua ya meneja, jioni niko nyumbani nalea wajukuu."

Ofisini, meneja hakumkaribisha kiti.

"Haya, Taratibu. Leo umeota nini?"

"Bosi, kipima mwendo kinasema uongo tangu tulipofunga yale matairi makubwa."

"Kinamwambia nani uongo? Mimi hakijanikosea adabu."

"Nitaua mtu, bosi."

Meneja alicheka bila kuinua macho kwenye simu yake. "Nisikilize vizuri. Lakiri ikikatwa, gari linarudi kwa wakaguzi. Wakaguzi wakija na futi zao watasema matairi haya si ya gari hili. Lori litalala uani wiki nzima. Saruji utaibeba wewe mgongoni?"

"Basi nitakwenda kwa hesabu yangu. Mshale nitaushikilia sabini na moja, hiyo ndiyo themanini ya kweli."

"Nenda upendavyo. Ufike saa niliyoandika mimi."

Na saa aliyoandika meneja ilipimwa kwa madereva waliofuata mshale bila kuuliza. Taratibu akachelewa siku ya kwanza, akachelewa ya pili, akachelewa wiki nzima. Ikaja barua: uvivu kazini. Ilibandikwa karatasi iliyotolewa na kifaa kile kile cha kupima na kurekodi mwendo, kuonyesha kwamba mahali ambapo sheria inaruhusu themanini, yeye alijiburuta kwa sabini na moja. Ikaja barua ya pili, nayo ikaongeza kwamba ya tatu itakuwa ya kuagana.

Aliisoma ameketi ukingoni mwa kitanda, katika chumba kimoja walichopanga. Mkewe alikuwa akianika sare za mabinti zao wawili kwenye kamba iliyopita juu ya vichwa vyao.

"Wenzio wanafikaje?" mkewe aliuliza.

"Wanafika kwa kubahatisha roho za watu, mama watoto."

"Na roho zetu sisi wanne, baba watoto, umezibahatisha kwa nani?"

Aliikunja barua, akaitia chini ya mto. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, alipanda lori, akatamka bismillahi, akaufuata mshale.

Siku tatu alifika kwa wakati. Meneja akamwinulia dole gumba kutoka dirishani. Siku ya nne, saa nne asubuhi, mbele ya zahanati penye kibao cha hamsini, mshale ukiwa hamsini barabara, mwanamke mmoja alishuka barabarani kwenye mistari myeupe, kadi ya kliniki mkononi. Dereva alikanyaga breki mpaka goti likalia. Lori lilimpiga, likaendelea, likasimama. Alishuka, akahesabu tangu pale kadi ilipoangukia: hatua nne. Kwa mwendo wa kibao, lori lingekwisha kusimama kabla ya mistari.

Kituoni, askari wa trafiki alitandaza karatasi ya kifaa mezani. Meneja alikuwa ameketi kando yake, na hapo kiti kilipatikana.

"Una bahati wewe," alisema askari. "Hamsini kamili. Hata nukta haikuzidi."

"Afande, nilikuwa hamsini na sita. Matairi yalibadilishwa, kifaa hakikurekebishwa. Andika hivyo."

Askari akafungua daftari la ukaguzi wa asubuhi. Kwenye kila tarehe palikuwa na muhuri: *Kipima mwendo: sahihi.* Muhuri huo karani aliugonga mwezi mzima kwa siku moja, na madereva walijipanga dirishani kila alfajiri, wakatia saini kwa kuinama, wakatupiwa funguo.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi ulidanganya asubuhi, au unadanganya sasa?"

"Asubuhi, afande. Asubuhi zote."

"Ni mshtuko tu, afande," meneja aliingilia kwa sauti ya huruma. "Mcha Mungu huyu. Anajitwisha yasiyo yake."

"Muulizeni fundi wa umeme!"

"Fundi yuko likizo."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Askari akaifunga kalamu. Kisha akamwita mzee aliyeketi kwenye benchi, kofia mapajani. Baba wa marehemu. Akamsomea maelezo upesi upesi: mtembea kwa miguu aliingia barabarani ghafla, bila kuangalia.

"Baba, usikubali," dereva alisema. "Si kweli. Nilikuwa nakimbia kuliko karatasi inavyosema. Mwanao alipita panapostahili."

Mzee aliichukua karatasi, akaitazama juu chini, chini juu.

"Mwanangu, mimi sikusoma," alisema polepole. "Lakini hiki ni chombo. Hakina ndugu, hakina adui, kitamsingizia vipi mtoto wa watu? Na binti yangu, Mola amrehemu, alikuwa na haraka tangu utotoni. Mama yake akimkanya kila siku."

"Baba!"

"Hapa, mzee," askari alisema, akamshika kidole gumba, akakichovya kwenye wino, akakikandamiza.

Mzee aliinuka, akaweka kiganja kifuani mbele ya dereva. "Utuwie radhi. Tumekutia msukosukoni na kazi yako."

Meneja alikuwa amekwisha simama. Akazitia funguo kwenye mkono wa dereva, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, kama anayemfundisha mtoto kushika kitu.

"Twende. Mzigo unangoja."

Ujia wa kutokea ulikuwa mwembamba. Mzee akajibana ukutani na kofia yake, akavuta tumbo ndani, ili mtu mwenye kazi apite.