Hesabu ya Eda

Mwalimu Areej alikuwa mkali kwa jambo moja: kipimo. Mwanafunzi akiandika jibu bila kusema ni miaka, siku au sekunde, alilikata kwa kalamu nyekundu hata kama tarakimu ni sahihi. Wasichana wa sekondari ya Tononoka walimnung'unikia, naye hakujali.

Tarehe mosi Aprili 1995 mumewe, Hamid, alifariki, na Areej akakalia eda nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Hind, Mji wa Kale. Miezi minne na siku kumi asitoke, asipake wanja, asionane na wanaume wa kando. Alimlilia Hamid kwa dhati, hilo lisisemwe vingine. Lakini chumba kilikuwa cha orofani, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani, na kabla ya mwezi wa pili kwisha aliujua ukuta ule tundu kwa tundu. Akabandika kalenda ya shule mlangoni, akahesabu, akaizungushia duara tarehe kumi na moja Agosti.

Kilichomfariji ni madaftari. Kila Ijumaa mwalimu mwenzake, Winnie, alimletea rundo la hesabu za kidato cha nne. Jiwe limebakiwa na robo ya potasiamu yake nururishi, ambayo nusu yake huoza kila miaka bilioni moja na robo. Je, lina umri gani? Nusu ikaoza, kisha nusu ya iliyobaki: miaka bilioni mbili na nusu. Areej aliyapenda maswali haya mno. Kabla ya msiba aliomba nafasi ng'ambo akasomee kupima umri wa mawe, na Hamid ndiye aliyemjazia fomu kwa mwandiko wake mzuri.

Mwezi wa Juni Winnie alimletea barua. Usaili wa nafasi ile ni Nairobi, tarehe tisa Agosti.

Areej akaitazama kalenda. Siku mbili tu! Angemwuliza mkwewe, lakini angeanzaje? Kwamba udongo wa kaburi la mwanao haujakauka nami nawazia ng'ambo? Aliona haya. Tena, kusema kweli, alimdharau kidogo. Bibi yule hata kalenda hakujua kuisoma. Eda ya Hamid hakuthubutu kuivunja. Akaandika barua kwamba hataweza kufika, Winnie akaipeleka posta, na baada ya wiki tatu likaja jibu: ahsante, nafasi yako amepewa mwingine. Alilia kimyakimya, kisha akarudi kwenye madaftari.

Tarehe nane Agosti, baada ya alasiri, Bi Hind alipanda ngazi akihema, amebeba nguo mpya na chetezo cha udi. Areej akadhani uzee umemzidi.

"Leo ni kumi, Mfungo Sita," Bi Hind akasema. "Jua likitua, eda yako imekwisha, mwanangu. Oga ujifukize."

Areej akamwonyesha lile duara. Bi Hind akalitazama kidogo tu.

"Hii ni ya kizungu. Hamid alituwata mwezi mosi, Mfungo Pili. Eda huhesabiwa kwa mwezi kuandama, na kila ulipoandama nimekuhesabia."

Areej akaketi kitandani. Miezi ya kuandama ni mifupi. Yote minne pamoja ilikuwa imemrudishia siku mbili, na yeye, mkata alama za watoto wa watu, hakujiuliza ni miezi ipi. Basi la usiku lingemfikisha Nairobi asubuhi, kwenye kiti kilichokwisha kukaliwa na mwingine. Akamweleza mkwewe yote, uso kaufunika kwa viganja.

"Ile fomu Hamid alinisomea," Bi Hind akasema. "Alifurahi sana siku ile. Mbona hukuniuliza?"

Areej akainuka, akaenda kuoga.

Magharibi ilipoadhiniwa, Bi Hind aliufungua mlango wa mbele kwa mikono yake mwenyewe. Areej akashuka na nguo zake mpya, akasimama kizingitini. Majirani waliopita kichochoroni walimpa pole na heri. Alikuwa huru, na hapakuwa na pa kwenda. Akageuka, akapanda ngazi kurudi chumbani.