Likizo ya Akina Valcreuse

Mfalme aliyejenga uwanja wetu aliamuru nyumba zote zifanane, dirisha kwa dirisha, ili macho yake yasisumbuke. Kwa hiyo ukifunga mbao za madirisha yako, mji mzima unaona. Kila Agosti wenye majina makubwa hufunga, wakaenda kwenye makasri yao ya shamba. Nyumba yenye madirisha wazi mwezi huo ni nyumba ya mtu wa kawaida, na kwa akina Valcreuse hilo ni baya kuliko tauni.

Kasri lao la shamba liliuzwa kabla ya vita. Bwana Gontran, markizi wa kumi na moja kurithi cheo hicho cha kikabaila, hakuona hiyo kuwa sababu ya kubaki mjini. Kila tarehe mosi Agosti aliniamuru nifunge madirisha yote ya mbele, kisha tukajibanza vyumba vya nyuma, yeye, mkewe Bibi Hermine na mimi Zélie mpishi wao, mwezi mzima tukinong'ona kama wezi. Sokoni nilikwenda alfajiri kwa kupitia mlango wa zizi la farasi, nyuma ya nyumba. Upuuzi huo nimeufanya miaka kumi na tisa, wala sijisifu.

Mwaka ule wa joto kali Bibi Hermine alishikwa na kikohozi. Siku ya tatu homa ikapanda, siku ya nne akaanza kutema damu. Daktari Peyrot anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikamwomba Bwana ruhusa nikamwite.

"Tuko shamba, Zélie," akasema, bila hata kuona haya. "Nitamwambia nini Peyrot?"

"Mwambie Bibi anakufa."

"Tutarudi tarehe mosi Septemba. Atakuja siku hiyo."

Zilibaki siku kumi na mbili. Nikamgeukia Bibi mwenyewe, nikidhani anayeumwa ndiye atakuwa na akili. Akanishika mkono, akaniomba nisimwaibishe mumewe. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Hata hivyo nilitii siku moja zaidi, na siku hiyo ndiyo ninayoijutia mpaka leo.

Kesho yake, mchana kweupe, nilitoka kwa mlango wa mbele na aproni yangu kiunoni. Daktari alikuwa mezani. Hakushangaa hata kidogo kuniona.

"Nilikuwa najiuliza mbona hamniiti," akasema huku akitafuta mkoba wake. "Namsikia akikohoa tangu Jumapili."

"Ulijua tupo?"

"Bi Zélie, uwanja mzima unajua, miaka yote. Supu yako ya vitunguu inanukia mpaka kwangu. Lakini mtu haingii nyumba ya watu waliosafiri."

Huo ndio wanaouita ustaarabu. Tulipofika, Bibi Hermine alikuwa amekwisha kata roho, na Bwana ameketi kando ya kitanda, amevaa tai.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakumjua Gontran wa Valcreuse. Siku ya mazishi, alfajiri, jeneza lilitolewa kwa mlango wa zizi. Gari likaenda nalo nje ya mji hadi njia panda ya mashambani, likageuza, na saa nne asubuhi likaingia uwanjani kwa lango kuu, magurudumu yamejaa vumbi la safari. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba amefia shambani. Majirani wote walijipanga nje, kofia mikononi.

Bi Delorme, ambaye ukuta wa chumba chake umepakana na wetu, alimpa Bwana mkono wa pole, akamuuliza kama hewa ya shamba ilimfaa marehemu. Bwana akajibu kwamba aliipenda mpaka mwisho. Kisha Bi Delorme akanigeukia mimi.

"Na safari, Zélie? Hakutikiswa sana njiani?"

"Hakwenda popote, Bibi. Alifia hapa, nyuma ya ukuta wako, ukimsikia."

Akanitazama kwa huruma. Akavuta glavu zake vizuri, akamwambia Bwana Gontran kwamba msiba umenichanganya, masikini, na kwamba si vyema kuwaweka watumishi shamba muda mrefu hivyo. Wote waliosimama pale wakakubaliana naye.