Pini Mdomoni mwa Fundi

Kitendawili! Itikeni basi, msinikodolee macho. Nimebeba mzigo nchi hadi nchi, hauna kamba wala uzito, nimefika nao na hakuna wa kunipokea. Nguo? Siyo. Salamu? Mmekaribia, lakini kukaribia si kufika. Nipeni mji niwaambie: ni lugha uliyojifunza kwa jasho, halafu wenye lugha yao wamefunga milango.

Mzigo huo ulikuwa wa msichana mmoja, kwao wakimwita Kasuku, maana tangu mdogo hasikii neno asilirudie. Alikwenda ng'ambo mwezi mmoja kuinoa lugha aliyoisomea miaka mitatu. Chuo kilimpa kazi moja tu: amkute mtu kazini kwake, amuulize aliingiaje katika kazi ile, wazungumze nusu saa bila karatasi, na simu inarekodi. Mwisho Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Asipopeleka anarudia mwaka mzima, na ile nafasi ya kufasiria wagonjwa hospitalini, aliyoahidiwa, anapewa mwingine.

Kasuku naye, akili ni nywele, akajiambia: wiki tatu nilegeze ulimi, ya nne nifanye mazungumzo. Hakuuliza wiki ya nne ina nini. Ilikuwa na sikukuu ya dini, tena si ya siku moja, juma zima!

Jumatatu akatoka na simu yake. Duka la dawa limefungwa. Posta imefungwa. Mwokaji mikate alimkuta anabana kufuli.

"Baada ya sikukuu, binti."

"Baada ya sikukuu nitakuwa nimerudi kwetu."

"Basi wasalimie," akasema, akaenda zake.

Mlinzi wa benki alikuwepo kazini, lakini akasema akiwa kazini haruhusiwi kuzungumza. Kasuku akazunguka mtaa hata soli zikalalamika. Akampigia mwalimu wake.

"Mwalimu, huku mji mzima umefungwa. Niongezee wiki moja."

"Sikukuu yao si sikukuu yangu. Hapo unapolala hakuna mtu anayefanya kazi?"

Alikuwepo. Kasuku alikuwa amepanga chumba juu ya kiwanda cha fundi cherehani, mama mmoja mpana wa mabega, na mji ulipolala yeye ndiyo kwanza aliamka. Kila mtu alitaka nguo mpya ya Jumamosi, siku ya kilele. Cherehani ilipiga kelele tangu alfajiri, vitambaa vimejaa hadi kwenye ngazi.

Jumanne Kasuku akaweka simu juu ya meza, kati ya chaki na mkasi, akaeleza kazi ya chuo na mwisho wake Ijumaa, kisha akauliza kwa adabu, "Mama, nani alikufundisha kazi hii?"

Fundi akageuka. Mdomoni ana pini sita, zimechomoza kama sharubu za paka.

"Mmh," akasema, akaonyesha pasi kwa kidevu.

Kasuku akapiga pasi. Akauliza tena. Fundi akaonyesha uzi. Akauliza mara ya tatu, akaonyeshwa ufagio. Jioni akasikiliza alichorekodi: saa nane za trrr, trrr, na "mmh" kumi na nne.

Jumatano akaona jambo lililomchemsha damu. Alikuja mteja, na pini zikatoka. "Shoga, umenenepa! Unakula nini wewe?" Wakacheka hadi meza ikatikisika. Mteja akaondoka, Kasuku akafungua kinywa, pini hizo zikarudi. Tena fundi wakati huo alikuwa anakunywa chai, hana hata kitambaa mkononi! Ameweka kikombe chini ili apate kuweka pini.

Akampigia mama yake simu, machozi yako karibu. "Mama, huyu mtu ananifanyia makusudi."

"Mwanangu, mwenye chungu motoni haulizwi habari za ukoo. Msaidie kazi, atasema mwenyewe."

Alhamisi akasaidia tangu asubuhi. Vifungo, pasi, kufagia, pasi. Hakuambiwa neno.

Ijumaa mchana fundi akageuza kidevu kuelekea ukutani, zilikotundikwa nguo, na kwa vidole akafanya ishara ya kufumua: yote, mishono yote. Ukutani palikuwa na magauni mawili ya rangi ya kahawia, jirani kwa jirani. Moja kuukuu, la kukatiwa nguo ya mtoto. Moja jipya, la mke wa mwenye duka la dawa, limekwisha, linangoja mwenyewe saa moja usiku.

Kasuku akashusha lililokuwa karibu, na hasira ikamwongezea mikono. Akafumua pindo. Akafumua kiuno, mikono, kola, bitana. Kila kipande akakinyoosha, akakipanga mezani kama alivyokikuta mwilini mwa gauni. Hadi saa kumi, gauni la mke wa mwenye duka la dawa lilikuwa vipande kumi na moja, safi kabisa.

Fundi akageuka kutafuta mkasi.

Pini zikaruka. "Umefanya nini? Umefanya nini, mtoto wa watu? Lile kuukuu! Nimekuonyesha lile kuukuu!"

"Umenionyesha kwa kidevu!" Kasuku naye akafumuka. "Kidevu kina vidole? Siku nne nakuuliza swali moja, moja tu! Wateja unawajibu, mimi unaniwekea pini! Leo saa kumi na mbili naanguka mwaka mzima, na wewe unajua, nilikuambia siku ya kwanza!"

Aliyasema yote kwa lugha yao, moja kwa moja, bila kujikwaa hata kidogo, na wala hakutambua.

Fundi alikuwa anatazama meza. Akashika mkono mmoja wa gauni, akauweka, akashika kola. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Nitakusaidia kulishona, mama," Kasuku akasema, sauti imeshuka. "Nisamehe. Mwenyewe anakuja saa moja, tutawahi."

"Nani alikufundisha kuvipanga hivi?"

"Hakuna. Nimeona tu vitapotea."

Fundi akaisogeza simu karibu na kifua chake. "Washa." Kasuku akawasha.

"Unaniuliza nani alinifundisha. Kila anayeniuliza humwambia ni shangazi, ila mbele ya simu inayorekodi uongo ule ulinishinda, nikatia pini. Shangazi yangu hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Mama alipofariki aliacha gauni moja la kuendea ibada, na dada zangu wawili wakawa wanaligombea. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Walipotoka, nikalitandika sakafuni nikalifumua mshono kwa mshono, nione alivyolishona, nikavipanga vipande hivi hivi. Siku ile nikajua kushona. Lile gauni sikuweza kulirudisha, na dada zangu hadi leo wanadhani liliibwa."